Lubumbashi: Kungojea kampuni, tabia ambayo mji ulilipia bei kali

Makomeno, katika komini ya Lubumbashi, kama vile katika mitaa mingine ya mji, neno "kazi" lingali na maana moja inayopita zingine zote: kazi ya kampuni. Mtu anaweza kuchuruza unga, kushona nguo ao kulima bustani, akalisha watoto na kuwalipia masomo, na bado jirani akamuuliza: "Ulisha kupata kazi?" Mara nyingi yeye mwenyewe hujibu kwamba anangojea.

Fikira hiyo ina historia. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na mji ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliandikwa kwa muda mfupi, wengi wakitoka mbali. Magonjwa yaliua wengi, na wengine walitoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mpango wake: mikataba ya miaka mitatu, nyumba, ruhusa ya kuja na mke, hospitali, masomo ya watoto, na mposho, ni kusema chakula kilichogawanywa kwa kipimo.

Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mfanyakazi mwenye jamaa hatoroki, na mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Lakini kwa mwenye kupokea, faida ilionekana wazi. Ndiyo maana watu walisema kwamba kampuni njo baba, kampuni njo mama. Kisha serikali ikachukua kampuni hiyo mwaka wa 1967, na Gécamines ikarithi shaba pamoja na jukumu la kuwa mzazi.

Kwa miaka zaidi ya sitini, mwenye kungojea alipata. Hapo ndipo shida ilipojificha. Tabia mbaya inayoleta hasara kila siku, mtu huiacha upesi. Tabia inayolipa vizuri, hakuna anayeiuliza swali.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka wa 1991 uporaji ukapita katika miji mingi ya Zaire. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Mishahara ikachelewa, mposho ukakatika. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wengi walipokea feza wakiwa na deni la miezi mingi bila mshahara, na kwa miaka iliyofuata walidai kwamba hawakupewa haki yao yote.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, profesa wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichunguza maisha ya jamaa hizo katika kitabu chake "Bana Shaba abandonnés par leur père", kilichotoka mwaka wa 2001. Jina lenyewe linawaita wana wa shaba, walioachwa na baba yao. Mzazi mkubwa, kampuni, alikuwa amejiondoa, na baba wa nyumbani hakuwa na kitu cha kugawa.

Kusema kwamba watu hao walikuwa wavivu ni kosa. Walifanya kazi ngumu chini ya ardhi na mbele ya tanuru. Kile ambacho hawakufundishwa ni kingine. Mtu aliyezoea kupewa nyumba, chakula na dawa kwa miaka 25 hakuwahi kuwa na sababu ya kujifunza namna ya kugawanya feza inayokuja mara moja tu: hii ya mtaji, hii ya akiba, hii ya masomo. Katika 2003 alihitaji elimu hiyo kwa siku moja, akiwa na umri mkubwa.

Ndani ya nyumba, swali lingine lililazimika kuulizwa. Kampuni ilikuwa imemfundisha mwanamke kuwa mke wa nyumbani: kupika, kushona, kulea. Mshahara wa mume ndio ulioitwa feza. Faida ya mke ilihesabiwa kuwa ya chumvi. Mshahara ulipokatika, jamaa nyingi zilishikiliwa na wanawake waliotandika bidhaa mbele ya nyumba, waliopeleka vitu sokoni ao waliolima. Jamaa ambamo mume alikubali mapema kwamba hiyo nayo ni kazi zilipumua mbele ya zile zilizongojea gari la kampuni lirudi.

Leo shaba imerudi. Kongo ni kati ya nchi mbili za kwanza duniani kwa kuitoa. Vijana wanaomaliza masomo Lubumbashi wanapeleka barua zao za kuomba kazi kwa makampuni mapya, na hakuna ubaya. Lakini mwisho wa 2008 bei ya shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi chini ya dola 3,000 kwa miezi michache, na makampuni mengi ya Katanga yakafunga milango. Hata sheria ya 2017, inayowapa wajasiriamali wa Kongo nafasi ya kuuzia migodi huduma, inaweza kugeuka kuwa mposho mpya kwa mwenye mteja mmoja tu.

Unga unaonyesha jambo hilohilo. Lubumbashi hula sana mahindi yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikifunga, bei ya bukari inapanda katika kila mtaa. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, aliyataka makampuni ya migodi yalime hekta 500 kila moja. Kusudi lilikuwa zuri, lakini hata chakula kilitafutwa tena kwa baba yuleyule.

Kujiuliza hakuhitaji semina. Jamaa inaweza kuketi jioni moja na kuhesabu: feza ya nyumba hii inatoka mahali pangapi? Kama mlango mmoja ukifungwa kesho, tutakula kwa muda gani? Ni kazi ya nani humu ndani ambayo hatuiiti kazi? Na ni kitu gani tunakifanya kwa sababu tu kililipa wakati wa babu?

Majibu hayataondoa mishahara midogo wala bei ya unga, na serikali pamoja na makampuni yana deni lao. Lakini kizazi cha 2003 kiliulizwa maswali hayo wakati mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Wa leo wangali na nafasi ya kujiuliza mlango ukiwa wazi.