Andika Kabla ya Kutia: Maandishi Juu ya Bahasha za Stempu

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, ndani ya kasha au katika mtoto wa meza, hupatikana mkebe wa stempu zilizokusanywa na wazee. Mwenyewe akiwa hai, kila stempu ina habari zake: hii ilitoka kwa ami aliyekuwa Maskati, ile ilibandikwa juu ya barua ya posa. Anapoondoka duniani, warithi hubaki na vipande vya karatasi visivyo na msemaji. Kwa hiyo wiki hii twapenda kuzungumza juu ya jambo dogo lenye kuilinda hazina hiyo, nalo ni maandishi juu ya bahasha za kuhifadhia.

Huenda msomaji akauliza: je, stempu haijisemei yenyewe? Hujisemea, lakini si yote. Tangu mwaka 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja zenye majina ya nchi zote tatu. Kuitazama sura yake hakukwambii kama ilitumwa Lamu, Kampala au Tanga. Ushahidi uko katika muhuri wa posta. Vivyo hivyo kwa Zanzibar. Mwaka 1895 zilitolewa stempu za Bara Hindi zilizopigwa chapa ya jina Zanzibar, na baada ya mapinduzi ya 1964 stempu za enzi ya Usultani ziligongwa maneno JAMHURI 1964. Asiyejua hayo huenda akaitupa stempu akidhani imechafuliwa.

Basi tuandike nini? Twapendekeza mambo sita: nchi, mwaka wa kutolewa, thamani, hali yake (mpya yenye gundi, mpya isiyo na gundi, au iliyotumika), muhuri unaosomeka, na ilikotoka. Mfano: “Kenya, Uganda na Tanganyika; senti 20; imetumika; muhuri wa Lamu; kutoka barua za bibi mzaa mama.” Usilolijua, liachie nafasi wala usilibunie. Hilo la mwisho, ilikotoka, ndilo lisilopatikana katika kitabu chochote cha stempu. Likipotea, halirudi.

Namna ya kuandika nayo ina adabu zake. Andika bahasha ikiwa tupu, ndipo utie stempu. Ukiandika juu ya bahasha iliyokwisha tiwa, ncha ya kalamu huacha mfinyo juu ya stempu. Tumia penseli laini, kwani wino hukimbia unapopata unyevu, na makosa ya penseli hufutika. Andika karibu na ukingo wa juu, ili bahasha zikisimamishwa ndani ya sanduku, kwa mpangilio wa nchi kisha mwaka, maandishi yaonekane bila kuzitoa.

Bahasha zifaazo ni za glasini, karatasi nyororo inayopitisha nuru. Zikikosekana, tumia karatasi nyeupe safi isiyo na asidi. Epukeni utepe wa gundi, mipira ya kufungia na pini, kwani pini hushika kutu na utepe huacha madoa. Hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, na stempu mpya hushikana kwa gundi yake yenyewe. Basi msizijaze bahasha kupita kiasi, wala msiliweke sanduku karibu na ukuta wenye unyevu. Tena, pale stempu ilipo juu ya bahasha ya barua yenye muhuri kamili, msiikate, ihifadhiwe nzima.

Kina mama, kazi hii yafaa mno kwa alasiri ya mwisho wa wiki. Mzee asimulie, kijana mwenye mwandiko mzuri aandike, na mdogo ashike kibano kuziinua stempu bila kuzigusa kwa vidole. Siku ya kugawa mirathi ikifika, warithi watajua kilichomo, wala hapatakuwa na wa kuuza kwa bei ya kutupa asichokijua, au kumshuku nduguye kwa kisichokuwapo.

Mkebe uliojaa stempu waweza kungoja. Asiyeweza kungoja ni mzee aliye na habari zake. Aulizwe angali yupo.