Kwa Nini Ujumbe wa Pesa Huchelewa Mwisho wa Mwezi, na Jinsi Foleni Hupimwa Kabla Haijatokea

Ni tarehe 30. Mshahara umeingia na kila mtu ana kitu cha kulipa: kodi ya nyumba, karo, chama, deni la dukani. Umetuma pesa, umeweka PIN, simu imekuambia ombi limepokelewa, halafu kimya. Dakika mbili, dakika tano, hakuna ujumbe. Mwenye nyumba naye anakuuliza kwenye WhatsApp kama umetuma ama bado.

Hapo ndipo watu wengi hutuma tena. Tafadhali usitume bado. Angalia salio kwanza, au fungua taarifa ya akaunti yako uone malipo ya mwisho. Kuhamisha pesa na kukutumia ujumbe ni kazi mbili tofauti, na ya pili inaweza kuchelewa wakati ya kwanza imeshakamilika. Ukituma tena, mfumo hauoni kwamba ni wewe yule yule umechoka kungoja. Unaona ombi jipya lenye nambari yake, na mwenye nyumba anaweza kulipwa mara mbili. Kurudishiwa pesa kuna taratibu zake, na kama mpokeaji ameshazitoa kwa wakala, inakuwa hadithi ndefu.

Wateja hutuuliza swali moja mara kwa mara: kama mnajua mwisho wa mwezi kuna msongamano, si muongeze tu mashine? Ni swali zuri, na jibu lake si fupi. Linapitia kwenye laini ya supamaketi na kwenye utafiti wa vyuo vikuu vya Ujerumani.

Hesabu ya keshia mmoja

Fikiria keshia mmoja anayehudumia mteja kwa wastani wa dakika 2. Kwa saa nzima, uwezo wake ni wateja 30. Wateja wanakuja ovyo ovyo, si kwa ratiba, na kila mmoja ana kikapu chake: huyu ana maziwa na mkate, yule amefanya shopingi ya mwezi.

Wakija wateja 15 kwa saa, mteja atatumia wastani wa dakika 4 kutoka kujiunga na laini hadi kulipa. Wakija 24, ni dakika 10. Wakija 27, ni dakika 20. Wakija 29, na hali ikaendelea hivyo kwa muda mrefu, ni dakika 60.

Soma hizo namba tena. Kutoka wateja 27 hadi 29 ni nyongeza ya watu wawili tu, lakini muda umeongezeka mara tatu. Na keshia bado hajafika kikomo chake cha 30. Foleni haikui polepole kadiri watu wanavyoongezeka. Inakaa sawa, inakaa sawa, halafu ghafla inalipuka. Ndiyo maana huduma inaweza kuwa shwari tarehe 25 na kuwa kichwa maji siku tano baadaye, na hakuna kitu kimeharibika.

Hesabu za aina hii zina zaidi ya miaka 100. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Shida yake ilikuwa simu zinazoingia kwa wakati mmoja na nyaya zilizo chache. Hadi leo, wingi wa mawasiliano ya simu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Kwa hiyo hesabu inayotawala pesa kwenye simu ilianzia kwenye simu zenyewe, na hilo kwetu linapendeza.

Shida si keshia kila wakati

Sasa turudi kwa "ongezeni mashine". Supamaketi inaweza kuongeza makeshia wawili na laini isipungue, kwa sababu watu wote wamekwama kwa yule kijana mmoja anayepima nyanya na kubandika bei. Umeajiri watu, umelipa mishahara, na mteja hajaona tofauti yoyote. Wakati mwingine hali huwa mbaya zaidi: ukiharakisha sehemu moja, unasukuma watu wengi kwa wakati mmoja kwenye sehemu inayofuata.

Malipo ya simu hupita vituo vingi namna hiyo. Kuna anayepokea ombi lako, anayekagua PIN, anayeangalia salio na kiwango cha juu cha siku, anayechunguza dalili za utapeli, anayeandika kwenye daftari kuu la akaunti, na anayetuma ujumbe. Kila mmoja ni programu, na kadhaa zinaweza kuwa zinagawana mashine moja. Ukitazama kwa macho huwezi kujua nani ndiye kijana wa nyanya. Na huwezi kujaribu kwa kubahatisha kwenye mfumo ambao watu wanautumia kulipa hospitali.

Ndipo wazo la kuiga mfumo linapoingia. Mhandisi wa ujenzi hajengi daraja kisha akapitisha malori aone kama litaanguka. Huchora, hupiga hesabu, kisha hujenga. Kwenye programu za kompyuta, kwa miaka mingi mtindo ulikuwa kujenga kwanza na kuomba Mungu.

Palladio: kuchora kabla ya kujenga

Kundi la watafiti wa Ujerumani, akiwemo Profesa Ralf Reussner wa Karlsruhe, lilitengeneza njia na programu iitwayo Palladio ili kubadilisha mtindo huo. Jina limetoka kwa Andrea Palladio, msanifu majengo wa Italia aliyeishi kati ya 1508 na 1580. Mwaka 2016 kitabu kizima kuhusu njia hiyo kilitolewa na MIT Press ya Marekani.

Kinachotuvutia ni jinsi inavyogawa kazi ya kueleza mfumo. Anayeandika kipande kimoja cha programu anaeleza kipande chake tu: kikiitwa, kinatumia nguvu kiasi gani ya mashine, na kinaita vipande gani vingine. Msanifu anaunganisha vipande. Mtu wa mashine anasema kipi kinakaa kwenye seva ipi, na seva hiyo ina kasi gani. Halafu kuna anayejua biashara, ambaye anaeleza wateja: wanakuja wangapi, saa ngapi, na wanafanya nini. Huyu wa nne ndiye anayejua kwamba tarehe 30 si kama tarehe 12, na kwamba siku ya kufungua shule ina tabia zake. Bila yeye, wale watatu watapima mfumo wa nchi isiyokuwepo.

Maelezo hayo yakishakamilika, kompyuta inaunda wateja wa kubuni na kuwapitisha kwenye mfumo wa kubuni. Saa ya ndani si saa ya ukutani, kwa hiyo shughuli za siku nzima zinaweza kupita kwa muda mfupi. Kisha unauliza maswali. Tukiongeza seva ya ukaguzi wa PIN je? Tukihamisha daftari kuu kwenye mashine nyingine? Wateja wakiongezeka mara mbili? Kuhamisha mashine si swali la darasani tu: mwaka 2015 seva za M-Pesa zilitolewa Ujerumani zikaletwa Kenya. Kila ombi linalosafiri mbali hulipa nauli ya muda, na mfano mzuri huihesabu nauli hiyo.

Watafiti nao wana supamaketi yao. Inaitwa CoCoME, mfano wa duka wenye vituo vya malipo, seva ya duka na seva ya makao makuu, uliotumiwa na makundi mengi ya utafiti kulinganisha njia zao. Ndani yake kuna kanuni ambayo mtu yeyote wa mjini ataitambua: katika saa moja iliyopita, ikiwa nusu ya mauzo yalikuwa ya bidhaa 8 au chini na yakalipwa kwa pesa taslimu, kituo kimoja kinageuzwa kuwa cha haraka. Kadi haziruhusiwi pale. Malipo ya kadi yana mazungumzo na benki, na mazungumzo yana foleni yake.

Jambo moja zaidi hapa. Mfano mzuri hautoi wastani tu. Wastani hudanganya. Kama watu 9 wamepata ujumbe kwa sekunde 3 na mmoja amengoja dakika 5, wastani ni karibu sekunde 33, na hakuna hata mmoja kati ya hao 10 aliyengoja sekunde 33. Palladio inaweza kuonyesha mtawanyiko wote, na kwa maoni yetu huyo mmoja wa dakika 5 ndiye anayestahili kuangaliwa kwanza, maana ndiye anayekaribia kutuma mara ya pili.

Nani anapima kipimo?

Kuna kasoro moja kubwa. Programu ya kuiga nayo ni programu. Ikikosea, utajenga kwa ujasiri kitu kibaya. Ni kama mizani ya sokoni: muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakupunja kwa sababu mizani imelegea.

Kwenye miradi ya utafiti hatari hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sehemu nyingi huandikwa na wanafunzi wa uzamifu. Mtu anafanya kazi miaka minne au mitano, anahitimu, anaondoka na ujuzi wake kichwani. Palladio yenyewe imejengwa juu ya Eclipse, mazingira ya programu ambayo watu wengine huyabadilisha kwa ratiba yao, na ina vipande vingi vinavyotegemeana. Ukirekebisha kimoja asubuhi, kingine kinaweza kuvunjika jioni bila mtu kujua. Halafu miaka mitatu baadaye mtafiti mwingine anajaribu kurudia matokeo yaliyochapishwa, na programu haifunguki kabisa.

Dawa ni ujenzi unaojiendesha. Kila mtu akileta badiliko, mashine inachukua maandishi yote ya programu upya, inayaunganisha, inaendesha majaribio, na inatoa ripoti: kijani imepita, nyekundu imevunjika. Haisubiri mtu akumbuke. Mojawapo ya vifaa maarufu vya kazi hii ni Jenkins, iliyoanzishwa na Kohsuke Kawaguchi kwa jina la Hudson na kubadilishwa jina mwaka 2011. Palladio hutoa toleo la kila usiku kwa wanaotaka kilicho kipya, na toleo rasmi kwa wanaotaka kilichotulia. Ukiandika ripoti, tumia rasmi na utaje ni lipi.

Lakini kijani inaweza kumaanisha tu kwamba programu inafunguka. Kwa kifaa cha kupimia hilo halitoshi. Lazima ujue kama bado kinapima sawa. Njia tunayoipenda ni rahisi: mpe swali ambalo jibu lake unalijua. Yule keshia wetu wa dakika 2 na wateja 27 kwa saa, jibu lake kwa karatasi ni dakika 20. Mwige kila usiku kwa wateja wengi wa kubuni. Ikitoka 19.8 au 20.3, sawa, kubahatisha kuna mawimbi yake. Ikitoka 14, mtu ameharibu kitu leo, na orodha ya mabadiliko ya leo ni fupi. Ukigundua baada ya mwaka, utatafuta kwenye maelfu.

Hata hivyo mfano hauwezi kujua usichouambia. Ukisema ukaguzi wa PIN unachukua sehemu ndogo ya sekunde na kwa kweli unachukua mara tatu ya hapo, utapata jibu safi, lenye grafu nzuri, lisilo la kweli. Kwa hiyo vipimo kutoka mfumo halisi lazima virudi kwenye mfano kila mara.

Hayo yote kwako yanamaanisha nini

Ukipata ujumbe kwamba huduma itasimama kwa muda saa nane usiku, ni kwa sababu saa hiyo keshia ana nafasi. Badiliko likileta shida, linawagusa wachache na kuna muda wa kulirudisha kabla ya matatu ya kwanza kujaza abiria. Tukiombwa kubadilisha mfumo tarehe 29, jibu ni hapana, hata kama badiliko ni zuri.

Kama malipo yako yanaweza kufanywa tarehe 27 au asubuhi na mapema, fanya hivyo. Umeona kwenye hesabu ya keshia: wateja wawili wakitoka kwenye laini ya 29, wanaobaki hungoja theluthi moja ya muda.

Na ujumbe ukichelewa, angalia salio, kisha taarifa ya akaunti. Malipo yakiwepo pale, mtumie mpokeaji nambari ya muamala uliyoiona. Yasipokuwepo na salio halijapungua, ngoja dakika chache uangalie tena kabla ya kutuma. Salio likiwa limepungua na mpokeaji hajapata, piga simu huduma kwa wateja kwa nambari iliyo ndani ya programu, si ile uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Matapeli wanajua tarehe 30 vizuri sana. Atakayekupigia akisema pesa zako zimekwama na anahitaji PIN ili "azisukume", kata simu. Foleni haisukumwi kwa PIN yako.