Kuitazama Nyumba ya Malindi Kutoka Ughaibuni

Majumba ya mawe ya Lamu yalijengwa kwa busara ya namna yake: hata mlango wa mbele ukiwa wazi, mpita njia haoni kilichomo ndani, kwa kuwa njia ya kuingilia ilipindishwa makusudi ili watu wa nyumba wakae kwa sitara. Hekima hiyo hunijia kila nionapo, hapa Malindi, Watamu au Kilifi, nyumba ambayo mwenyewe yuko Maskati kwa kazi, au Milan kwa jamaa zake, naye huitazama kwa simu kupitia kamera alizofungiwa na fundi. Kwani ajiwekeaye jicho ndani ya nyumba yake hana budi kuhadhari lisije likawa jicho la kila ajnabi.

Kamera hupeleka picha kwenye mashine ya kurekodia, nayo mashine huungwa na ruta. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, iliyo kongwe, ni kuiagiza ruta ifungue mlango mmoja wa mtandao, ili ajuaye anwani ya nyumba abishe hodi kutoka popote. Njia hii aghalabu haifaulu kwenye intaneti ya laini ya simu, maana kampuni huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nami siusikitikii ugumu huo. Ya pili ni mashine yenyewe kwenda kujitambulisha kwa seva ya kampuni iliyoitengeneza. Mwenye nyumba huweka programu ya kampuni hiyo katika simu, huusoma mraba wa QR uliobandikwa ubavuni mwa mashine, na seva huwakutanisha. Hapana mlango ulioachwa wazi, walakini amana imewekwa mikononi mwa kampuni, basi na ichaguliwe ile ambayo haijaacha kutoa masahihisho ya programu zake.

Ila njia zote mbili ni bure endapo neno la siri la kiwandani halikubadilishwa. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizinasa kamera, mashine za kurekodia na ruta kwa malaki duniani, bila ya ufundi mkubwa, ila kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani. Na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa katika mashambulizi yaliyowazuia watu wengi wa Marekani kuifikia Twitter na tovuti nyingine mashuhuri. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kwa hiyo neno la siri na liwe refu, lichaguliwe na mwenye nyumba mwenyewe, na fundi akishaondoka libadilishwe tena.

Kisha kuna hesabu ya bando. Kamera irekodiyo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 22 kwa siku, hivi kwamba kamera 4 huijaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 au 12. Picha hizo kubwa na zibaki nyumbani. Simu na ipelekewe picha ndogo, ambayo kwa nusu megabiti hula megabaiti 225 kwa saa.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na mtumishi wa nyumba ni mtu. Kamera itazame lango, ua na mlango wa nyuma. Isitazame chumba alalamo yaya, seuze dirisha la jirani, na wote wafanyao kazi humo waambiwe kwamba zipo.

Stima ikikatika, ruta ikazimika, kamera zote hupotea machoni pa aliye mbali, kwa hiyo betri ya akiba iihudumie ruta pamoja na mashine na kamera. Na kabla ya fundi kulipwa, zima Wi-Fi ya simu yako, washa data, toka hadi barabarani, ndipo uifungue programu. Kwani picha ionekanayo kwa Wi-Fi ya nyumbani haithibitishi kwamba itaonekana Maskati.