Kipepeo wa Mkia na Mke Asiyefanana Naye

Kila mara tunapofyeka mashamba kabla ya kuchuma karafuu, panga halikomi mpakani. Huingia katika kipande cha mwitu kilichosalia bondeni, nasi husema kwamba vichaka vile havina faida. Leo twataka kueleza habari za mkazi mmoja wa vichaka hivyo.

Dume lake halifichiki: mbawa za manjano hafifu zenye ukingo mweusi, na mikia miwili nyuma. Wataalamu humwita Papilio dardanus. Lakini jike! Katika pwani yetu jike hana mkia wala rangi ya mumewe. Mmoja ni mweusi mwenye madoa meupe, mwingine ana rangi ya chungwa, nao huenda wakawa ndugu wa mama mmoja. Kila mmoja ameiga vazi la kipepeo mwingine mwenye sumu, ambaye ndege akimla mara moja hamrudii. Mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town aliandika kwamba wote hao ni aina moja. Wataalamu wengine walimcheka, kumbe yeye ndiye aliyesema kweli. Ajabu ni kwamba huko Ngazija na Bukini, ambako wenzetu nao hulima karafuu, majike wa jamaa hii wana mikia na rangi kama madume.

Jike hutaga mayai juu ya majani ya miti midogo ya mwituni iliyo jamaa ya mchungwa, imeayo kivulini. Kiwavi akiguswa hutoa kisogoni pembe mbili laini zenye harufu kali (si ya karafuu, twawahakikishieni). Mkarafuu hali hata jani moja. Yule alaye miche ya michungwa nyumbani ni Papilio demodocus, asiye na mkia, apendaye jua. Huyo mtoeni kwa mkono, wala msimwadhibu mwenziwe kwa kosa lake.

Mikarafuu yetu mingi imesimama mahali palipokuwa na msitu. Ngezi kule Pemba na Jozani kule Unguja imehifadhiwa, lakini vipande vidogo vya mabondeni havina mlinzi ila sisi wenye mashamba. Basi twawaomba wanachama waliopakana na mwitu wasifyeke vichaka vya chini ya miti, na kuni wakakate kwingine. Dume hupita ukingoni hapo jua likishapanda, akirudia njia ile ile.