Ulinunua Kitabu cha Sh199. Mbona Sasa Makocha Watatu Wanakupigia?

Wacha tuanze na mfano. Tumeutunga sisi wenyewe, lakini kama unaishi Mbita, Sindo au Muhuru Bay, huenda ukaona kama tunamzungumzia jirani yako.

Mama mmoja anauza omena Mbita. Amechoka kungoja wanunuzi wa Nairobi waje kumpangia bei ya kila gorogoro, kwa hivyo anataka kujifunza kuuza mtandaoni. Anaona tangazo Facebook: kitabu cha PDF cha kufundisha biashara ya mtandaoni, Sh199 pekee. Analipa kwa simu, anajaza fomu fupi ya jina, namba na aina ya biashara, na kitabu kinaingia WhatsApp. Mpaka hapo hakuna ubaya. Amelipa, amepata.

Siku tatu baadaye simu inalia. "Oyawore, mama! Biashara ya omena inaendeleaje?" Mpigaji ni kocha wa biashara. Anajua jina lake, anajua anauza nini, anajua hata kitabu alichonunua. Ana darasa la wiki nne kwa Sh4,500, na nafasi zimebaki tano tu. Kesho yake anapiga mwingine anayefundisha forex. Kisha wa tatu, wa kuandika makala mtandaoni.

Mama anamwamini yule wa kwanza na kumtumia pesa aliyokuwa amewekea stoki ya wiki hiyo. Darasa linageuka kuwa grupu ya WhatsApp yenye sauti zilizorekodiwa, zinazorudia yale yale ya kitabuni. Akidai pesa yake, kocha hajibu. Akimrudia aliyemuuzia kitabu, anaambiwa: "Hao si watu wetu, mama. Ongea nao wenyewe."

Hapo ndipo shida ilipo. Aliyetoa namba anasema hakuuza darasa. Aliyeuza darasa anasema hakuuza kitabu. Anayebaki bila mtaji ni mama.

Namba yako inasafiri vipi?

Ukituma pesa moja kwa moja kwa namba ya simu ya mtu, anapata meseji yenye jina lako na kiasi ulichotuma, na huenda pia namba yako. Ukijaza fomu, unaongeza mahali unapoishi na kazi unayofanya. Ukiingizwa kwenye grupu ya WhatsApp, wenzako wote wanaweza kuona namba yako.

Muuzaji anayekusanya haya yote anabaki na listi. Kwa kocha, listi hiyo ni mali: ni ya watu ambao tayari wameonyesha wanatafuta njia ya kupata pesa, na tayari wamekubali kulipa kwa simu. Wengine huiuza mara moja. Wengine hukubaliana kupewa asilimia ya kila mtu atakayelipia darasa.

Tuwe wakweli: si kila kocha ni tapeli. Wapo wanaofundisha vizuri na watu wanafaidika. Lakini mtu kujua jina lako na biashara yako si dalili ya uaminifu. Inaonyesha tu kwamba ana listi. Hata salamu ya nyumbani isikulainishe haraka. "Oyawore" haigharimu chochote.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaenda mbali zaidi. Anayechukua taarifa zako anapaswa kukueleza anazitaka kwa kazi gani na kama atampa mtu mwingine. Kutumia taarifa zako kwa biashara kunahitaji ridhaa yako ya wazi, au ruhusa ya sheria ambayo uliarifiwa wakati taarifa zinachukuliwa. Kulipa Sh199 kununua kitabu si ridhaa ya kupigiwa na makocha.

Kutoa taarifa za watu kwa njia isiyolingana na sababu iliyofanya zichukuliwe, bila sababu halali, ni kosa la jinai. Kujitolea kuuza taarifa zilizopatikana kinyume cha sheria pia ni kosa, na hata kutangaza tu kwamba zinauzwa kunahesabiwa kuwa ni kujitolea kuziuza. Adhabu yaweza kuwa faini isiyozidi Sh3,000,000, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Na si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliipiga kampuni ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000. Kampuni hiyo iliendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kosa lake? Ilitumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho na kupiga simu. Ilikuwa mikopo, si madarasa, lakini mzizi ni ule ule: namba ya mtu kutumiwa na mtu ambaye mwenyewe hakumpa.

Ufanye nini simu ikilia?

Kwanza, uliza kabla ya kusikiliza bei: "Namba yangu umeitoa wapi?" Mtu mwenye biashara safi atajibu. Akizungukazunguka, kata.

Pili, usilipe siku hiyo hiyo. "Nafasi tano tu" ni njia ya kukunyima muda wa kufikiri. Lala nalo usiku mmoja, umuulize hata mwenzako wa chama. Kumbuka huduma ya kurudishiwa pesa ipo kwa ajili ya pesa iliyoenda namba isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa ajili ya darasa ulilojutia. Na mpokeaji akishatoa pesa, kuipata ni kazi ngumu.

Tatu, mwandikie meseji. Unaweza kunakili hii:

"Naomba unieleze namba yangu uliipata kwa nani. Sikukubali kutumiwa matangazo. Tafadhali ifute na usimpe mtu mwingine."

Mtumie kocha, na umtumie pia aliyekuuzia kitabu. Piga picha ya skrini ya kila kitu: tangazo, malipo, fomu, simu zilizoingia.

Nne, wakiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti ya odpc.go.ke. Huhitaji wakili. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Zile picha za skrini ndizo ushahidi wako.

Na kuna mbinu ndogo ya kujua nani alivujisha. Ukijaza fomu ya mtandaoni isiyo ya serikali wala ya benki, ongeza neno kwenye jina lako. Kwa muuza kitabu, andika "Akinyi Kitabu". Kwa muuza mbegu, "Akinyi Mbegu". Siku mtu usiyemjua akikupigia na kusema "Habari Akinyi Kitabu", utajua njia ilipitia wapi.

Na wewe je, una listi ya nani?

Wengi wenu mnaosoma hapa ni wauzaji pia. Una duka la mitumba Migori mjini, unauza vipuri vya boda Awendo, unasuka nywele Oyugis. Simu yako imejaa majina ya wateja. Siku moja atakuja rafiki akuambie: "Nipe hiyo listi nikupe elfu mbili, ni watu wa kuuziwa darasa tu."

Kataa. Biashara yenye mapato yasiyofika Sh5,000,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna. Lakini kutosajiliwa si kuruhusiwa kuvunja sheria. Wateja wako wana haki zile zile unazotaka wewe.

Kama kweli unaona darasa la rafiki yako litawafaa, kuna njia safi. Watumie wateja wako maelezo wewe mwenyewe, ikiwa walikubali kupokea matangazo yako, na uwaachie namba ya kocha. Anayetaka atampigia. Asiyetaka aweze kukuambia "usinitumie tena", na umwondoe bila kumlipisha wala kumsumbua.

Mteja aliyekupa namba alitaka omena, nguo au kusukwa. Akianza kupigiwa na makocha, atauliza namba ilitoka wapi, jinsi tulivyokushauri uulize. Na jibu likiwa ni wewe, mara nyingine atanunua kwa jirani.