Mkono wa Kulia

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, bingwa wa bao ambaye wachezaji walikuwa wakitoka vitongoji vya mbali kuja kufungwa naye, aliamka alfajiri moja ili atawadhe, akaona kandambili ya mguu wa kulia haikai. Kila aivaapo huvuka, na alipotaka kumwita mkewe maneno yakamtoka yamevurugika kama ya mtu anenaye usingizini. Jamaa wakakusanyika. Huyu akasema ni upepo, yule akasema amepitiwa na jini wa mbuyuni. Akaitwa mwalimu akamsomea, akachuliwa kwa mafuta ya nazi, akafunikwa shuka. Tulipomfikisha hospitali jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na tabibu hakuanza kwa kuuliza anaumwa nini, bali aliuliza: "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?"

Sikulielewa swali lile wakati ule, wala sikujua kwamba elimu yote mpya ya kutibu kiharusi imejengwa juu yake.

Kiharusi, kwa maneno machache, ni kufa kwa sehemu ya ubongo iliyokosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu iliyoganda, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Aina hizi mbili hufanana mno kwa dalili, hata tabibu hodari hawezi kuzipambanua kwa macho mpaka apate picha ya ubongo, kama ile ya CT, ilhali dawa iyeyushayo bonge katika aina ya kwanza huweza kumwua mgonjwa wa aina ya pili. Ndiyo maana wale wanaokimbilia kumtilia mgonjwa aspirini mdomoni hucheza kamari, fauka ya kwamba koo lililopooza hupaliwa hata kwa funda la maji.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba dawa iitwayo alteplase, ikidungwa mshipani kabla ya kupita saa 3, huongeza idadi ya wanaopona bila kilema kikubwa. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaurefusha muda huo hadi saa 4 na nusu. Kisha mwaka 2015 zikatoka kwa mfululizo tafiti tano, ya kwanza ikiwa ya Uholanzi, zilizoonyesha kwamba bonge kubwa laweza kuvutwa nje kwa mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa kinena hadi ubongoni, na mwaka 2018 ikadhihirika kwamba baadhi ya wagonjwa, wakichaguliwa kwa picha za ubongo, hunufaika na kazi hiyo hata saa 24 zikiwa zimepita. Lakini ruhusa hiyo isimlaze mtu, kwani tabibu wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Na saa huanza kuhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu alipokutwa. Mzee wetu alilala saa 4 usiku akiwa mzima. Huenda alipigwa saa 10 alfajiri, lakini hesabu ilianzia saa 4. Ikamdhulumu. Nasi tukaongeza dhuluma juu ya dhuluma kwa kumkalisha nyumbani kutwa nzima.

Wala hatukuwa peke yetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza walihesabu kila kiharusi kipya katika sehemu mbili, wilaya ya Hai huko Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam; baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilipata viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316, kiwango kinachozishinda nchi nyingi tajiri. Wenzao waliokwenda kuwauliza watu maradhi haya yatoka wapi walirudi na jambo lililonistaajabisha zaidi: watu wa shambani Hai ndio waliotaja shinikizo la damu, mafuta na mawazo, na watu wa mjini ndio waliotaja mashetani na uchawi, hata aghalabu wakaanzia kwa mganga. Tuliozoea kudhani kwamba taa za umeme huwafukuza majini tutafakari upya.

Na shinikizo la damu ndilo mshitakiwa wa kwanza kila mahali. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 32 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo 10, yote ya kurekebishika, yanahusika na viharusi takribani 9 katika kila 10: miongoni mwao ni shinikizo, sigara, kisukari, kukaa bila kujishughulisha, na maradhi ya moyo. Utafiti wa Nigeria na Ghana wa mwaka 2018 ukaongeza jambo ambalo bibi zetu wangelipokea bila mshangao, kwamba wasiokula mboga za majani mara kwa mara walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Lakini utafiti ninaoupenda mimi ni wa China, uliotolewa mwaka 2021, kwa sababu uliingia chunguni. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000, waliokwisha kupata kiharusi au wazee wenye shinikizo, walifuatwa kwa miaka ipatayo 5. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Katika vijiji vilivyopewa chumvi hiyo, viharusi vikapungua kwa asilimia 14. Hadhari ni kwamba chumvi hiyo haimfai mwenye maradhi ya figo.

Katika kumrejeshea mgonjwa viungo vyake, elimu imeendelea kwa kujikanusha, na kwa hilo naiheshimu. Ilidhaniwa kwamba mgonjwa akiinuliwa mapema na mara nyingi, ndani ya saa 24 za mwanzo, atapona upesi. Wagonjwa 2,104 wakajaribiwa, na mwaka 2015 ikaonekana kwamba walioharakishwa walipona vibaya kuliko walioinuliwa kwa kiasi. Ilidhaniwa pia kwamba dawa ya huzuni, fluoksetini, huuamsha mkono uliopooza, kwa kuwa utafiti mdogo wa Ufaransa wa mwaka 2011 ulileta bishara njema. Waingereza wakairudia mwaka 2018 kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, wasione faida, ila mifupa iliyovunjika ikazidi. Hata huruma yetu ilipimwa: huko India mwaka 2017, jamaa waliofundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani hawakumfikisha mbali kuliko wale ambao hawakufundishwa.

Lililosimama katika mizani ni jambo lenye sura ya ukatili. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, aliona kwamba mkono uliodhoofika hujifunza kutotumika, kwa kuwa kila ujaribupo hushindwa na ule mzima huwahi kuitikia. Akashauri mkono mzima ufungwe. Mwaka 2006 jambo hilo lilithibitishwa kwa wagonjwa 222, waliokwisha kutimiza miezi 3 hadi 9 tangu kupigwa, na ambao vidole vyao vilikuwa na mwendo kidogo. Kwa wiki mbili walivishwa glavu mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku.

Mzee wetu alikuwa ameacha kula mbele za watu. Mkono uliopooza ulikuwa wa kulia, na yeye, aliyewapiga wajukuu kofi kwa kupeleka tonge kinywani kwa mkono wa kushoto, hakuweza kuvumilia kuonwa akifanya lilelile; akangoja sinia iondolewe, akala peke yake nyuma ya pazia. Binti aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi aligundua siri hiyo, akachukua soksi ya mpira ya mjukuu, akamvisha mkono wa kushoto, akamwambia: "Mzee wangu, mkono huu leo uko likizo." Kisha akalivuta lile bao lililokuwa likikusanya vumbi chini ya kitanda.

Kete 64 za komwe, kila moja ichotwe shimoni na kupandwa katika shimo la pili. Siku ya kwanza alipanda kete tatu, jasho likamtoka kana kwamba amepanda mnazi. Mkewe alikaa mlangoni akichagua mchele, na kila soksi ilipoinuka kidogo kutaka kusaidia, alisema pasipo kunyanyua uso: "Si huo, Bwana." Mwezi wa nne nilipita kumjulia hali, akanikaribisha mkekani, akachota kete nne, moja ikamponyoka ikabingirika hadi mguuni pangu. Nikainama niiokote. Akanizuia kwa jicho, akauburura mkono wa kulia juu ya mkeka, akaifuata.