Jinsi Manispaa ya Musoma inavyoweza kupotea ndani ya kompyuta

Na Mwandishi Wetu

SENSA ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 katika Mkoa wa Mara. Takwimu hizo zikipangwa kwa wilaya na halmashauri zilizohesabiwa, jedwali linakuwa na mistari saba: Bunda watu 335,061, Butiama 241,732, Rorya 265,241, Serengeti 249,420, Tarime 339,693, Musoma 134,327 na Musoma tena 178,356.

Msomaji anayeufahamu mkoa huo hatashangaa kuliona jina la Musoma likijirudia. Musoma ya kwanza ni Manispaa, na ya pili ni Halmashauri ya Wilaya, ambayo wananchi wamezoea kuiita Musoma Vijijini.

Kompyuta haina mazoea hayo. Ikielekezwa vibaya, itaisoma mistari yote saba, itabakiza sita, kisha itatoa jumla ya mkoa bila kuonyesha ujumbe wowote wa kosa. Jumla hiyo itakuwa 1,609,503. Wakazi wote wa Manispaa watakuwa wameondolewa kwenye hesabu, na anayesoma tovuti hataona dalili yoyote kwamba kuna kilichopungua.

Mtego huo umo katika hatua ndogo ambayo kila anayejifunza kutengeneza tovuti huipitia katika majuma ya mwanzo, nayo ni kuyatoa majibu ya kanzidata na kuyaweka katika kile ambacho wataalamu hukiita arei.

Ukurasa wa tovuti unaoonyesha matokeo ya mitihani au idadi ya watu, kwa kawaida, haukuandikwa kwa mkono. Takwimu zimehifadhiwa katika kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zilizopangwa kwa majedwali, na mojawapo ya maghala yaliyoenea sana ni MySQL. Kati ya ghala hilo na msomaji kuna programu inayopokea maombi, inauliza swali, inapokea jibu na kulipamba ili lisomeke. Kwa miaka mingi programu za namna hiyo zimeandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995.

Jibu la kanzidata huja likiwa na mistari na safu. PHP huuchukua mstari mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeteka maji kwa ndoo, na kila mstari huwekwa ndani ya arei.

Ili kuielewa arei, inatosha kuyakumbuka masanduku ya barua yaliyopangwa katika ofisi za Posta. Kila sanduku lina namba yake, na mwenye ufunguo hulifungua lake bila kugusa mengine. Arei ya kawaida ndivyo ilivyo, isipokuwa hesabu yake huanzia sifuri. Sanduku namba 0 lina jina la halmashauri, namba 1 lina idadi ya watu, na kadhalika.

Ipo pia arei ambayo masanduku yake yamebandikwa majina badala ya namba. Hapo programu haiombi kilichomo katika sanduku namba 1, bali huomba "idadi". Aina hii ni salama zaidi, kwa kuwa namba hutegemea mpangilio wa safu. Siku mtaalamu atakapoongeza safu mpya mbele ya idadi ya watu, tuseme ya kuonyesha kwamba vijiji vya Butiama vilikuwa chini ya Musoma Vijijini kabla ya wilaya hiyo kuanzishwa mwaka 2012, sanduku namba 1 litabadilika maudhui. Programu ya zamani itaendelea kulifungua kwa imani ileile.

Waliojifunza PHP miaka ya 2000 watazikumbuka amri tatu. Ya kwanza, mysql_fetch_row, ilitoa arei ya namba. Ya pili, mysql_fetch_assoc, ilitoa arei ya majina. Ya tatu, mysql_fetch_array, ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na pengine haikustahili, kwani isipoelekezwa vinginevyo ilitoa vyote viwili kwa pamoja. Kila thamani ilikaa katika sanduku la namba na katika sanduku la jina. Mwanafunzi aliyeagiza vyote vilivyomo vichapishwe aliona kila kitu kimejirudia, akaanza kuilaumu kanzidata ambayo haikuwa na kosa.

Amri hizo zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati katika toleo la PHP 5.5 la mwaka 2013, na zikaondolewa kabisa katika PHP 7, Desemba 2015. Nafasi yake imechukuliwa na mysqli na PDO. Hata hivyo, tabia ya kutoa namba na majina kwa pamoja haikuondoka nazo. PDO nayo hufanya hivyo, mpaka iambiwe inatakiwa aina gani.

Sasa turudi Musoma. Programu nyingi haziishii kwenye kusoma mstari mmoja mmoja. Huikusanya mistari yote katika arei moja kubwa, na ili iwe rahisi kumpata anayetafutwa, huyapa masanduku yake majina ya halmashauri. Mwandishi wa programu anataka kuandika "Butiama" na kupata 241,732 papo hapo. Kwa Butiama mpango huo hauna tatizo lolote, kwa sababu Butiama ni moja.

Kwa Musoma mambo ni tofauti. Programu inapokutana na Musoma ya kwanza, inalifungua sanduku lenye jina hilo na kuweka 134,327. Inapofika kwenye Musoma ya pili, inalikuta sanduku limo tayari, inakitoa kilichomo na kuweka 178,356. PHP hailihesabu tendo hilo kuwa kosa. Kubadilisha kilichomo katika sanduku ni kazi halali inayofanywa kila siku, na hakuna namna ambayo lugha ingetambua kwamba safari hii kilichotupwa ni manispaa nzima.

Upo ugumu mwingine ambao huwachanganya hata wazoefu. Swali la SQL lisipotaja mpangilio, kanzidata hailazimiki kuleta mistari kwa utaratibu uleule kila inapoulizwa. Musoma Vijijini ikitangulia na Manispaa ikafuata, kitakachopotea ni watu 178,356, na jumla ya mkoa itasomeka 1,565,474. Tovuti ileile, ikitumia takwimu zilezile, inaweza kutoa majibu mawili tofauti, na yote mawili yakawa si sahihi.

Tangu sensa hiyo eneo la hatari limepanuka. Mkoa wa Mara una wilaya sita lakini una halmashauri tisa, kwa kuwa Bunda na Tarime nazo, kama Musoma, kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Arei itakayotumia majina matupu itapokea halmashauri tisa na kubaki na sita. Anayegawa vitabu, dawa au madawati kwa kuitegemea orodha hiyo atakuwa amezisahau halmashauri tatu bila kukusudia.

Wananchi wenyewe walilimaliza tatizo hili zamani kwa maneno mawili tu, Mjini na Vijijini. Kwenye kompyuta, njia iliyo imara zaidi ni kutumia namba maalumu ya kila halmashauri kuwa ufunguo, na jina likabaki kuwa maelezo. Lakini namba nazo zinahitaji uangalifu. Katika orodha ya mikoa inayotumiwa na sensa, Mara ni 20 na Dodoma ni 01, na kwa PHP maandishi "01" na namba 1 ni funguo mbili tofauti.

Tatizo la namna hiyo hujitokeza pia pale majedwali mawili yanapounganishwa. Jedwali la wilaya lina safu inayoitwa "jina", na la halmashauri lina safu ya jina hilohilo. Katika arei ya majina, safu inayokuja mwisho ndiyo inayobaki. Dawa yake ni kuipa kila safu jina lake ndani ya swali lenyewe, kwa neno AS.

Kipimo cha kuugundua upotevu ni chepesi mno kiasi kwamba ni ajabu kinavyorukwa. Programu ihesabu mistari iliyoletwa na kanzidata, kisha ihesabu masanduku yaliyomo katika arei. Saba ikikutana na sita, kazi isimame hapo.

Na kama haja ni kupanga takwimu kwa jina la wilaya, PDO ina agizo la FETCH_GROUP, ambalo halitupi kilichotangulia bali hukiweka pamoja na kinachofuata. Sanduku la Musoma likifunguliwa, ndani yake mna kumbukumbu mbili, zenye jumla ya watu 312,683.